Klabu za Redio, Acheni Tamasha, Fundisheni Watu

Leo naweka kando mambo ya PHP na hifadhidata. Nina ugomvi, tena ugomvi na watu ninaowapenda: watu wa redio ya ridhaa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulisikia jina hilo, hiki si kituo cha FM cha kutumiana salamu na nyimbo. Ni huduma inayotambuliwa na kanuni za kimataifa, ambapo mtu wa kawaida akishapata leseni anajenga au kununua kituo chake na kuzungumza na wenzake duniani bila kadi ya simu wala bando. Hafanyi biashara hewani, hafichi maneno yake kwa mafumbo, na hujitambulisha kwa alama ya kituo. Hapa Kenya alama hizo huanza na 5Z4. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, ile iliyokuwa ikiitwa CCK, na Amateur Radio Society of Kenya ndiyo mwakilishi wetu katika IARU, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka wa 1925.

Sasa ugomvi wenyewe. Klabu nyingi za redio, hapa kwetu na kwingineko, zimegeuza kazi ya kuwafikia wananchi kuwa tamasha. Mnaujua mpango wake. Siku moja kwa mwaka antena inasimamishwa katika uwanja wa shule, jenereta inanguruma, watoto wanapanga foleni, sauti inatoka Italia, makofi, picha, soda, kwaherini. Jumatatu antena imeshang'olewa. Yule msichana wa kidato cha pili aliyebaki nyuma kuuliza, "Mwalimu, nami nikitaka kuwa na yangu nifanyeje?" anaambiwa asome kwa bidii.

Hilo ni jibu kweli? Asome nini? Kwa nani? Mtihani uko wapi na lini?

Tusielewane vibaya. Sipingi maonyesho. Napinga maonyesho yasiyo na kesho yake.

Chukueni mfano wa mpango wa ARISS, ambao tangu mwaka wa 2000 huwaunganisha wanafunzi na wanaanga walio kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Kituo hicho kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na kikipita juu yenu mna kama dakika 10 tu za kuzungumza kabla hakijazama upeoni. Shule hujiandaa kwa miezi kwa ajili ya dakika 10! Ni jambo zuri sana. Lakini sauti ya kituo hicho hushuka kwenye 145.800 MHz, na kila mwaka kinapita juu ya Kenya mara nyingi mno. Klabu ikiondoka bila kumwacha mtoto hata mmoja anayejua kukisubiri na kukisikiliza mwenyewe, basi ilileta mazingaombwe, haikuleta elimu.

Au JOTA, jamborii ya maskauti hewani, iliyoanza mwaka 1958 na ambayo sasa hufanyika kila Oktoba. Nchi hii ndiyo yenye kaburi la Baden-Powell, pale Nyeri. Maskauti tunao tele. Swali langu kwa kila klabu inayofungua kituo chake wikendi hiyo ni moja tu: kati ya maskauti walioshika kipaza sauti miaka mitano iliyopita, wangapi leo wana alama yao ya 5Z4? Msinihesabie waliohudhuria. Waliohudhuria hata mikutano ya siasa inao.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: vijana wa siku hizi wana WhatsApp, hawataki redio. Nani aliwauliza? Simu ni redio, lakini ni redio iliyofungwa. Huwezi kuifungua ukajua inafanyaje, na masafa unayotumia ni ya kampuni. Kijana anayekesha akibadilisha programu ya simu yake ndiye hasa angependa redio, iwapo mtu angemwambia kwamba hapa anaruhusiwa kufungua kila kitu.

La pili: lazima ujue Morse. Mkutano wa ITU uliofanyika Geneva mwaka 2003 uliondoa sharti hilo katika kanuni za kimataifa, ukaiachia kila nchi iamue. Zaidi ya miaka ishirini imepita na bado watu wanatishana na dot na dashi.

La tatu linatoka kwa wenzangu, waandishi wa programu: hayo ni mambo ya wazee. Nyinyi ndio mnaoniudhi zaidi. Mnajua Ethernet ilijifunza kwa nani? Kwa ALOHAnet, mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii ulioanza kazi mwaka 1971. Mnamjua Joe Taylor? Alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, na ni mtu wa redio ya ridhaa. Mwaka 2017 yeye na mwenzake Steve Franke walitoa FT8, mfumo unaobana ujumbe wote katika biti 77, unaurusha kwa zamu za sekunde 15, na kuusoma hata pale sikio la binadamu linaposikia mvumo mtupu. Programu yake ni huria, msimbo wake uko wazi. Kuna somo gani la kurekebisha makosa ya data lililo bora kuliko hilo? Nanyi mko hapo mnaandika mfumo wa mia moja wa kuagiza chakula.

Gharama je? Sikilizeni. Novemba 2018 ilirushwa setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, ikiwa na vifaa vya redio ya ridhaa vinavyoitwa QO-100. Imetulia kwenye nyuzi 26 hivi mashariki. Kwetu Kenya iko karibu juu ya utosi, imeinamia magharibi kidogo. Inashusha mawimbi yake kuanzia 10489.5 MHz, na kichwa cha kawaida cha dishi la televisheni, chenye 9750 MHz ndani yake, kinayateremsha hadi 739.5 MHz. Hapo kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB kinatosha. Yaani dishi kuukuu lililokaa juu ya paa, kifaa cha bei ya chini kuliko simu, na laptopu. Mtoto wa Kitui anaweza kuwasikia watu wa Brazil, Ujerumani na Afrika Kusini mchana na usiku. Hapo hahitaji kungoja siku ya maonyesho. Kwa nini kila klabu isiache dishi moja kama hilo katika kila shule inayoitembelea?

Tena tulishapata bahati yetu wenyewe. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa kutoka kituo cha anga. Ilishusha data zake karibu na 437 MHz, ndani ya bendi ya watu wa ridhaa. Iliungua ikirudi angani mwa dunia mwaka 2020. Kwa miaka miwili shule yoyote yenye antena ya waya na kipokezi ingeweza kuikamata. Ni shule ngapi zilifundishwa kuifanya hivyo?

Klabu hupenda kusema kwamba siku ya maafa redio ndiyo itakayotuokoa. Ni kweli inaweza. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulizimika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikawa ya kuchechemea Afrika Mashariki yote. Lakini redio haijirushi yenyewe. Kimbunga Maria kilipoivunja Puerto Rico mwaka 2017, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba wajitolea 50 wa redio ya ridhaa. Ungeweza kuomba kwa sababu nchi ile ina watu wenye leseni zaidi ya laki saba. Sisi tukiombwa 50 wa kwenda Budalangi au Tana River kesho asubuhi, tutawatoa wapi?

Na kuna jambo ambalo klabu hazilitaji kwa sauti. Masafa ni kama kiwanja cha shule. Kisipochezewa, siku moja utakuta ukuta na mtu ameshika hatimiliki. Mwaka 2019 Ufaransa ilipendekeza kwamba bendi ya 144 hadi 146 MHz ichunguzwe kwa matumizi ya ndege. Pendekezo lilikufa kwa sababu watu wa ridhaa wa Ulaya walipiga kelele, na walikuwa wengi. Wachache hawasikiki.

Basi nadai mambo matatu. Mosi, kila maonyesho yafuatwe na darasa, hata la wiki sita, kuwatayarisha wanaotaka leseni, na tarehe yake itangazwe siku hiyo hiyo. Pili, maelezo ya somo yaandikwe kwa Kiswahili, si karatasi moja ya kukaribisha wageni, bali somo zima: umeme, mawimbi, antena, kanuni. Tatu, kila klabu itangaze mwisho wa mwaka idadi moja tu: watu wapya waliopata leseni kupitia kwake. Ikiwa ni sifuri, iandikwe sifuri, na isiwekewe picha za makofi.

Nasi wa programu tusikae pembeni. Mfumo wa mazoezi ya mtihani kwa Kiswahili ni kazi ya wikendi mbili. Klabu itakayokuwa na darasa la kweli, mimi nitauandika bure.