Yaliyopita Ni Ndwele

Wapo wapenzi wa vitabu na filamu wanaoitamani mashine ya kusafiri katika wakati. Tangu H. G. Wells alipotoa The Time Machine mwaka 1895, msafiri wa hadithi hizo huondoka bwana na hurudi bwana. Katika filamu ya Back to the Future ya mwaka 1985, kijana anarejea miaka 30 nyuma, na akirudi kwao anakuta nyumba imetengenea kuliko alivyoiacha. Tamaa hiyo imefika hata Visiwani: yuko atamaniye kuiona Tabora ya karne ya 19 na kusikia Kiswahili kikiingia Unyanyembe pamoja na ngoma za misafara. Aulizwe kwanza: ataingia Tabora akiwa nani?

Njia ile, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, haikuwa ya watazamaji. Walikuwapo matajiri wa pembe. Walikuwapo wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba kwa ujira na kwa fahari. Na walikuwapo waliofungwa minyororo. Mwota ndoto hujihesabu katika kundi la kwanza. Hajasikika aliyeota kurudi na mnyororo shingoni.

Sayansi haimfai kitu. Nadharia ya Einstein ya mwaka 1905 inaruhusu safari ya kwenda mbele, kwani saa iendayo kwa kasi kubwa hukawia. Mwaka 1971 saa za atomi zilizungushwa dunia kwa ndege, nazo zikatofautiana na zilizobaki chini. Kuhusu kurudi nyuma, Kurt Gödel alionyesha mwaka 1949 kwamba hesabu hizo zinakubali ulimwengu wenye njia ya kurejea, lakini ni ulimwengu unaozunguka wote kwa pamoja, na huu uliopo haukuonyesha dalili hiyo.

Mwaka huohuo wa 1905 Tippu Tip alifariki Unguja, akiwa ameacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili. Amsomaye hurudi nyuma kweli, ila hurudi juu ya bega la mfanyabiashara. Wengi wa waliofungwa hawakuacha hata jina.

Wanafalsafa nao wana kitendawili chao: mtu akirudi akamzuia babu yake asioe, yeye atazaliwa na nani? Kwingineko huo ni mchezo wa akili. Visiwani ni suala la nasaba. Akitokea wa kuizuia misafara, wangapi wangesalia Unguja na Pemba? Wazee wengine walikwenda bara kununua pembe, wengine walishuka kutoka bara wamezibeba, na wajukuu wao wamekula sinia moja. Octavia Butler alilijua jambo hilo. Katika Kindred, riwaya yake ya mwaka 1979, mwanamke mweusi wa California anavutwa hadi enzi ya utumwa, na inampasa amwokoe mtoto wa bwana shamba, kwa kuwa ndiye babu yake.

Hapo husimama mwenye busara akanena: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo huwafaa majirani waliogombana jana. Kwa njia ya Tabora haifai. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ikaja mwaka 1922. Kati ya miaka hiyo miwili umo umri mzima wa mtu. Na maadamu neno "mtumwa" lingali likitupwa barazani kama tusi la ukoo, ndwele ingali mwilini, na aiitaye afya anamdanganya mgonjwa.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia, kwa jina la biashara ya watumwa na pembe. Serikali imethubutu kulitaja neno ambalo washairi wengi hulipamba kwa karafuu na udi. Mshairi asiyeweza kulitaja asijisingizie kuipenda historia. Kurudi hakuwezekani, na kufuta hakuwezekani; lililobaki ni kutoa hesabu, kwa lugha ileile iliyopanda bara pamoja na minyororo.