NANI ANAYESAMEHEWA KODI?



Tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani inayo akiba ya elimu ya chuo, iitwayo 529 kwa nambari ya kifungu chake. Toka 2002 faida yake haitozwi kodi ya serikali kuu ikitumika kwa masomo. Hilo twalisifu, kumwekea mtoto akiba ni wajibu wa mzazi.

Lakini tutazame mlango ulivyopanuliwa. Mwaka 2017 Bunge lao liliruhusu akiba hiyo ilipie ada za skuli za chini, dola 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Sheria ya Julai 2025 ikazifanya 20,000 kuanzia 2026. Twauliza: ni mchukuzi gani abakiwaye na fedha hizo baada ya kulipia nyumba na chakula?

Sisi wenye maduka twaijua hesabu hii. Ukimpunguzia bei anunuaye gunia, ukamtoza kamili anunuaye kibaba, hukumsaidia maskini, hata ukiandika mlangoni "Nafuu kwa Wote".

Januari 2015 Rais Obama alitaka faida ya akiba mpya itozwe kodi. Zikapigwa kelele, naye akaliacha shauri kabla mwezi haujaisha. Mwenye nacho husikilizwa.

Basi akitujia mtu kutuahidi elimu kwa njia ya msamaha wa kodi, yatupasa tumwulize kwanza: na asiyekuwa na cha kuweka, mwanawe atasomeshwa kwa fedha ipi?

Wabillahi tawfiq.