Picha Isiyo na Jina ni Kumbukumbu ya Nani?

Kuna ada mpya iliyoota mizizi Unguja na kwa wapwani waliotawanyika kutoka Mombasa hadi Maskati na London. Picha ya zamani huingia simuni asubuhi, kabla ya chai. Ni kichochoro cha Mji Mkongwe: mlango wa misumari, baraza, wanawake wawili waliojitanda kanga, na kijana aliyejitwika kapu kichwani. Chini yake pameandikwa maneno mawili matatu: Unguja ya zamani, ya kale dhahabu. Anayeipokea hutikisa kichwa, hushusha pumzi, kisha huipeleka kwa wengine kumi. Hadi adhuhuri picha ile imeshazunguka bahari nzima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza yule kijana ni nani.

Ada hii husifiwa kuwa ni kuhifadhi historia. Sifa hiyo haistahiki bado. Kupeana picha ni jambo jema, tena la wajibu, kwani picha iliyofungiwa kashani huliwa na mchwa na unyevu wa pwani. Lakini kupeana picha isiyo na mahali, isiyo na mwaka, na isiyo na majina ya waliomo ni kuendeleza kazi ya yule aliyeichapa kwanza. Na yule aliyeichapa kwanza hakuwa na haja ya majina. Alikuwa na biashara.

Biashara hiyo ina historia inayojulikana. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za moshi kutoka Ulaya zilizidi kutia nanga Unguja, na abiria walioteremka kwa saa chache walitaka kitu cha kuwapelekea jamaa zao. Studio za mjini zikawapatia. Majina ya A. C. Gomes, Coutinho na Pereira de Lord bado yanasomeka pembeni mwa picha na kadi za posta za enzi hizo. Hao walikuwa Wagoa. Wasiopenda kuumiza kichwa huona raha kusema kwamba picha hizi zote zilipigwa na Mzungu aliyekuja kudharau. Sivyo. Wengi wa waliozipiga walikuwa wakazi wa mji huu huu, waliojua vichochoro vyake na salamu zake. Studio iliyompiga picha tajiri kwa matakwa yake, amekaa kitini na jambia lake kiunoni, ndiyo hiyo hiyo iliyochapa kadi za wapita njia. Tofauti haikuwa kwenye jicho la kamera. Ilikuwa kwa mnunuzi. Tajiri alijinunulia sura yake, na jina lake likabaki nayo. Mpita njia alinunuliwa na mgeni.

Ndiyo maana maandishi ya kadi hizo yanafanana mno. Kuna "mrembo wa Kiswahili", kuna "kibanda cha mwenyeji", kuna "aina za watu wa Unguja". Aina! Neno linalowafaa samaki wa mnadani lilibandikwa chini ya uso wa mama wa watu. Jambo la kusikitisha zaidi liko kwenye nguo. Kwa desturi ya pwani, msemo ulioandikwa kwenye kanga huitwa jina la kanga. Basi hata nguo ina jina lake, na mwanamke aliyeivaa ameachwa bila jina kwa zaidi ya miaka mia.

Na wapenzi wa ushairi na taarabu wafikiri kidogo. Mnamo mwaka 1880 hivi alizaliwa Fumba mtoto wa kike aliyeitwa Mtumwa. Alikua akiuza vyungu alivyofinyanga mama yake, na hakuhamia mjini hadi mwaka 1911. Miaka ya ujana wake ndiyo miaka ambayo kadi za posta zilivuma kuliko wakati mwingine wowote. Lau mpiga picha angekutana naye njiani na vyungu vyake, angemchapa kadi ya "muuza vyungu", na leo kadi hiyo ingekuwa inazunguka simuni pamoja na maneno ya kale dhahabu. Sauti yake ndiyo iliyomwokoa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akawa Siti binti Saad, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Huyo ni mmoja. Wangapi waliobaki kadini walikuwa na sauti, au ushoni, au uganga, au ufundi wa kusuka ukili, na hakuna aliyewauliza?

Kuna jingine ambalo msambazaji wa picha hapendi kulitazama. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897, na masuria wakatolewa katika sheria hiyo hadi mwaka 1909. Maana yake ni nyepesi. Mwanamke aliyesimamishwa mbele ya pazia la studio mwaka 1890 au 1895 huenda alikuwa mali ya mtu. Huenda hakuulizwa kama anataka kupigwa picha, na kama aliulizwa, huenda hakuwa na ulimi wa kukataa. Yule anayeituma picha hiyo leo na kuandika chini yake "uzuri wa mama zetu" amemkosea adabu mara ya pili, ingawa amekusudia kumheshimu.

Watetezi wa ada hii hujibu kwamba picha haisemi uongo, na kwamba picha ni picha tu, isitiwe siasa. Jawabu hilo halisimami. Picha bila maelezo ndiyo inayotiwa siasa kwa wepesi kuliko kitu chochote. Unguja inashuhudia hayo kila ufikapo mwezi wa Januari. Upande mmoja hutoa picha za bahari ya Forodhani, nyumba zilizopakwa chokaa na njia zilizofagiwa, ili kusema kwamba kabla ya mwaka 1964 mji ulikuwa pepo. Upande wa pili hutoa picha ya wanaume waliofungwa minyororo shingoni, ili kusema kwamba ulikuwa jahanamu. Wa kwanza hasemi nani aliyezifagia njia hizo wala alilala wapi usiku. Wa pili hajiulizi kama waliofungwa walikuwa watumwa wa bwana fulani au wafungwa wa jela ya serikali baada ya Waingereza kuitia nchi chini ya himaya yao mwaka 1890, kwani wafungwa nao walifungwa minyororo na wakapigwa picha. Hizo ni dhuluma mbili tofauti, na kila moja ina wenyewe wa kujibu. Anayezichanganya hawatetei waliodhulumiwa. Anawatumia.

Madhara hayaishii kwenye maneno. Yanafika hadi kwenye mawe. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na siku hizo mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliupiga mji mizinga kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm ikaangamia, mnara ule ukaharibika, na katika matengenezo yaliyofuata jumba likapewa mnara wa saa kwenye uso wake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka na kuua watu wawili. Fundi anayetaka kulisimamisha upya anahitaji picha za zamani kama anavyohitaji chokaa. Lakini ni picha ipi? Ya kabla ya mizinga au ya baada yake? Mwenye kujua kisa hiki hutazama mnara, akajua mara moja. Picha isiyo na mwaka humpoteza fundi, na wengi wanaozituma huandika tu "enzi za Barghash", wakati Sayyid Barghash alikufa mwaka 1888 na mnara unaoonekana ukutani haukuwapo uhai wake.

Na si taabu kuijua tarehe, kwa mwenye nia. Ageuze kadi. Posta ya Uingereza iliruhusu mwaka 1902, na ya Ujerumani mwaka 1905, mgongo wa kadi ugawanywe sehemu mbili, moja ya anwani na moja ya salamu. Kabla ya hapo mgongo wote ulikuwa wa anwani, na mwandishi alijibana kwenye upande wa picha. Basi kadi yenye mgongo uliogawanywa si ya karne ya 19, hata kama picha yenyewe ni kongwe zaidi, kwani wachapaji walitumia sahani moja ya kioo miaka mingi. Stempu nayo inasema: sura ya Sayyid Hamoud ni ya utawala wa 1896 hadi 1902, ya Sayyid Ali inafuata hadi 1911, kisha Sayyid Khalifa hadi 1960. Yote hayo yako nyuma ya kadi. Lakini watu hupiga nakala ya mbele tu, wakatupa nusu ya ushahidi.

Tena itazamwe ni mji gani unaosambazwa. Ni ule wa mawe, mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango. Ng'ambo, walikoishi wachukuzi, mafundi, wavuvi, madobi na waimbaji, huonekana kwenye kadi kama safu ya vibanda visivyo na mwenyewe. Lakini huko ndiko watu walikokataa kwa pamoja kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928, na huko ndiko taarabu ya Kiswahili ilikopata wasikilizaji wake. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya Ng'ambo hiyo ilivunjwa kupisha majumba ya Michenzani. Picha za nyumba zilizovunjwa hazimo katika kadi za watalii. Zimo katika albamu za bibi, katika bahasha zilizotoka studio kama Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ambako watu wa kawaida walikwenda siku ya Idi na siku ya harusi, wakalipa kwa fedha zao na kusimama watakavyo. Hizo ndizo picha zenye majina, kwa sababu zilikaa na wenyewe. Na hizo ndizo zisizosambazwa, kwa kudhaniwa kwamba si historia, ni za nyumbani tu.

Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba picha za wakati wa ukoloni zifungiwe zote, kwa kuwahurumia waliomo. Kwa picha chache neno lao ni haki: mwili uliovuliwa nguo ili uuzwe hauna sababu ya kuzungushwa tena, na mahali pake ni hifadhi ya nyaraka, kwa mwenye kutafiti. Lakini kufungia zote ni kuwazika watu hao mara nyingine. Na hata zikifungiwa Unguja, hazijafungika. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina mkusanyo wa Winterton wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za miaka ya 1860 hadi 1960. Atakayezitazama huko atasoma maelezo waliyoyaacha wageni. Mwenye kuweza kusahihisha yu hai barazani Mchangani au Kikwajuni, na hajaulizwa. Akifa, maelezo ya mgeni ndiyo yatakayokuwa kweli.

Pwani hii haikufundishwa na kamera namna ya kutazama mji uliopita. Mwanzoni mwa karne ya 19, kabla kamera haijajulikana duniani, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alizitazama nyumba za Pate zilizobomoka, akatunga Al-Inkishafi. Hakuishia kwenye kusifu vidaka na taa. Aliuliza wako wapi waliokuwa humo, na akawataja watu kwa majina yao. Alijua kwamba magofu bila majina ni mawe tu. Isitoshe, washairi wa pwani wana sanaa nyingine inayofaa zaidi kwa kazi hii, nayo ni takhmisi. Mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, asifute hata neno, akatanguliza mishororo yake mitatu, na ubeti ukawa mpya. Hivyo ndivyo picha ya zamani inavyotaka kutendewa. Maandishi ya mchapaji yabaki, hata yakiwa ya kukirihisha, kwani ni ushahidi juu yake. Kisha pawekwe mishororo mitatu: hapa ni wapi, ni mwaka gani au karibu na upi, na huyu ni nani. Kama jina halijapatikana, na iandikwe kwamba bado linatafutwa, na picha iende kwa wazee kabla ya kwenda kwa marafiki.

Kazi hiyo haihitaji serikali wala mfadhili. Inahitaji mjukuu akae na bibi yake jioni moja, albamu magotini, na kalamu ya risasi ya kuandika nyuma ya picha. Bibi ataanza kwa kusema hakumbuki. Kisha atakumbuka mlango, kisha aliyekuwa akikaa mlangoni, kisha mama yake yule aliyekaa. Yule kijana mwenye kapu kichwani alikuwa na mama aliyemwita kwa jina alipochelewa kurudi sokoni. Atakayeituma tena picha yake bila hata kuuliza, asiseme kwamba anahifadhi historia ya Unguja.