Sitini na Moja Haipunguzwi

Ipo kauli inayorudiwa kila unapotajwa ule mchezo wa pool uitwao rotesheni: kwamba ni mgumu, ni mrefu, una hesabu nyingi, na kwa hivyo watu hawautaki. Wapenzi wa tungo katika mwambao huu wanaijua vyema kauli hiyo, kwani ni ndugu wa ile iliyoambiwa utenzi na shairi la vina na mizani: kwamba kanuni zinachosha na vijana hawana subira. Kwa ushairi ilikuwa na walakini. Mezani nako ina walakini.

Ufahamike kwanza mchezo wenyewe. Mipira ni 15, kila mmoja na nambari yake. Mchezaji hushurutishwa jambo moja: mpira mweupe uguse kwanza ule wenye nambari ndogo kuliko yote iliyosalia mezani. Baada ya hapo, mpira wowote utakaoingia shimoni bila kosa humpa alama sawa na nambari yake. Jumla ya nambari zote ni 120, basi atakayefikisha 61 amevuka nusu na ameshinda. Hapo ndipo penye utamu na uchungu wake. Aliyeingiza mipira 10 ya mwanzo ana alama 55 tu. Aliyeingiza 5 ya mwisho ana 65. Mmoja amefyeka pori zima, mwingine amekuja kuvuna. Mchezaji wa rotesheni, kwa hivyo, hapigi mpira mmoja bila ya kufikiri wa tatu na wa nne, kama mcheza bao asiyenyanyua kete kabla ya kujua itakomea shimo gani.

Je, ni kweli kwamba mchezo wa namna hii haupendwi na watu? Waulizwe Wafilipino. Kwao rotesheni ilichezwa na watu wa kawaida, na humo ndimo alimokulia Efren Reyes, mzaliwa wa Pampanga mwaka 1954, aliyejifunza tangu utotoni katika ukumbi wa mjomba wake mjini Manila. Mwaka 1999 alitwaa ubingwa wa dunia wa mpira wa tisa huko Cardiff, Wales. Mwaka 2004 akatwaa ule wa mpira wa nane huko Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ng'ambo ya bahari hii hii. Mikwaju yake iliyowaacha watazamaji vinywa wazi haikuanguka kutoka mbinguni. Mtu aliyezoea kuufuata mpira wa 1 popote ulipojificha, huku mingine 14 ikimzibia njia, huupata mpira wa tisa kama mtu aliyefunguliwa pingu.

La kustaajabisha ni kwamba mpira wa tisa wenyewe ni mtoto wa ukoo huo huo. Nao hufuata nambari kwa zamu, ila mipira imepunguzwa na hesabu imefutwa, na mshindi ni yule aliyeuingiza wa 9, hata kama umeingia kwa bahati. Filamu ya The Color of Money ya mwaka 1986 iliuvisha nguo mpya, na televisheni ikaupenda kwa ufupi wake. Hakuna ubaya mtoto kung'ara. Ubaya ni mtoto kurithi nyumba ilhali mama yu hai, kisha majirani wakasema mama hakuwahi kuwa na nyumba.

Basi kizuizi ni kipi? Sarafu! Mwenye meza inayolipiwa kwa kila mchezo hupata faida pale mchezo unapokwisha haraka. Rotesheni inayochukua muda mrefu ni hasara kwake, na haitaji hasara hiyo: husema mteja hataki. Halafu vifaa. Penye meza zenye mipira myekundu na ya njano isiyo na nambari, rotesheni haiwezi hata kuanza. Penye meza inayomeza mpira na kutoutoa mpaka itiwe sarafu nyingine, mpira ulioingia kwa kosa hauwezi kurudishwa mezani kama kanuni inavyotaka. Kijana asiyewahi kuuona mchezo atawezaje kusemwa ameukataa?

Lawama nyingine iwaendee wanaojiita watetezi wake. Wapo wanaousifu kwa ndimi tamu na usiku wakacheza mpira wa nane kama wenzao. Wapo pia wanaotaka kuuokoa kwa kuukata: mipira ipunguzwe, hesabu ifutwe, mshindi apatikane kwa dakika chache. Hao hawauenezi, wanarudia kazi ambayo mpira wa tisa umeshaimaliza, na kuimaliza kwa ustadi. Ukiondoa hesabu ya 61 hakubaki kitu cha kutangazwa.

Na hesabu hiyo wanayoionea haya ndiyo karibisho lake. Katika mpira wa tisa, mgeni akikutana na fundi hukaa kitini akitazama. Katika rotesheni wawili hao huweza kupatana kabla ya kuanza: fundi atafute 61, mgeni atafute 40, na wote wawili wacheze kwa moyo. Hata mpira mmoja wa 14 ulioingia kwa mkono wa mgeni humpa theluthi ya safari yake.

Anayetaka kuueneza mchezo huu hana haja ya hotuba. Anunue seti moja ya mipira yenye nambari, atundike ubao na chaki, amwombe mwenye ukumbi jioni moja ya juma kwa malipo ya saa badala ya malipo ya mchezo, kisha aketi na vijana wawili awafundishe kujumlisha. Wiki ya kwanza watakuja wawili, na ya pili huenda wakaja hao hao wawili. Asikasirike, wala asipunguze mpira hata mmoja. Utenzi haukuhifadhiwa na waliofupisha beti zake. Ulihifadhiwa na waliokaa barazani usiku wakausoma mpaka mwisho, na watoto wakiwa karibu wanasikiliza.