Rangi ya chupa haimlindi nyuki

Chupa ya dawa ya wadudu iliyosajiliwa nchini huwa na utepe wa rangi kwenye kibandiko chake. Nyekundu huonya kwamba sumu ni kali mno, kisha hufuata manjano, samawati na mwisho kijani. Ni rahisi kwa mkulima wa Kombewa aonaye kijani kudhani kwamba amepata dawa isiyo na madhara. Sivyo. Rangi hiyo hupima hatari kwa binadamu. Haisemi lolote juu ya nyuki.

Madhara yake hufika mezani. Mahindi na mtama huchavushwa na upepo, lakini chavua ya boga ni nzito na yanata. Sharti mdudu aibebe kutoka ua dume hadi ua jike. Ua hilo hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, nalo ua jike huchanua siku moja tu. Anayenyunyizia mahindi dawa asubuhi, huku maboga yametambaa chini yake, huua wachavushaji wakiwa kazini. Boga, embe na papai humpa mtoto vitamini A, inayolinda macho na kumkinga na maradhi.

Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, ni vigumu kumwambia mkulima aache kunyunyizia. Wala sisemi aache. Ninalosema ni kwamba hatari haipimwi kwa ukali wa sumu pekee, bali pia kwa kiasi ambacho mdudu hukutana nacho. Ukali hupimwa maabarani, mara nyingi kwa nyuki wa asali. Lakini wako nyuki wengine wanaochimba viota ardhini, na hao huipata sumu iliyozama udongoni. Dawa nyingine hunyonywa na mmea hadi kwenye chavua na mbochi. Ndiyo sababu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu katika mashamba ya wazi.

Basi Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu (PCPB) isitosheke na takwimu za maabara. Maafisa wa kilimo waje Seme waone saa tunazonyunyizia, maua yaliyochanua wakati huo na dawa tunazochanganya katika bomba moja. Onyo juu ya nyuki nalo liwe picha kubwa kwenye kibandiko, si maandishi madogo.

Kwa sasa, mkulima anyunyizie jioni nyuki wakisharudi, na asiguse mimea iliyochanua. Pia ajifunze mbinu ya sukuma-vuta ambayo kituo cha icipe cha Mbita kilishiriki kuibuni. Humo desmodiamu hupandwa kati ya mahindi na nyasi za mifugo pembeni, ili kupunguza wadudu waharibifu.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tikitimaji lililokosa kuchavushwa halina dawa dukani.