CSS: Madevelopa wanapenda nini, na simu ya Manyoni inahitaji nini?

Kwa nini tovuti moja inakaa vizuri kwenye simu yako, na nyingine unaivuta kushoto na kulia hadi unachoka? Mara nyingi jibu liko kwenye CSS, lugha inayoupa ukurasa rangi, herufi na mpangilio.

Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994, toleo la kwanza likatoka Desemba 1996. Tangu 2019, utafiti wa kila mwaka uitwao State of CSS unawauliza madevelopa wanatumia nini na wanapenda nini.

Wanachotumia

Flexbox na Grid. Flexbox inapanga vitu kwenye mstari, Grid inapanga kwa safu na nguzo. Grid iliingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2017. Hizi ndizo zinafanya ukurasa ujipange upya skrini ikiwa ndogo.

Wanachopenda

Siku hizi sifa nyingi zinakwenda kwa :has(). Inabadili mwonekano wa sehemu kulingana na kilichomo ndani yake, mfano fomu nzima kuonyesha alama nyekundu ukikosea kisanduku kimoja. Firefox iliipokea Desemba 2023, ikawa ya mwisho kati ya vivinjari vikubwa. Ila simu ya zamani yenye kivinjari ambacho hakijasasishwa haiijui kabisa.

Wanachosahau

Kuchapisha. CSS ina mtindo maalumu wa printa tangu toleo la pili, mwaka 1998. Hapa Manyoni hilo si jambo dogo. Anayeomba mkopo wa HESLB anajaza fomu mtandaoni, anaichapisha, anatafuta saini na mihuri, kisha anaipakia tena. Kazi hiyo wengi wanaifanyia steshenari, na kila karatasi ina bei yake. Ukurasa wowote unaoishia kwenye printa bila mtindo huo unaweza kutoka na menyu na matangazo yasiyohitajika. Mistari michache tu ya CSS inayaficha.

Kuna na rangi. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinapendeza ofisini, lakini kwenye jua la standi hakisomeki.

Na bando je? Kutumia herufi zilizomo tayari kwenye simu kunaokoa data, maana hakuna faili la herufi la kupakua.

Kwa nini haya yanasahaulika? Wengi wanaojibu tafiti hizi wako Ulaya na Marekani, wana kompyuta nzuri na intaneti ya kasi. Kipya ndicho kinachopigiwa makofi.

Kwa hiyo ukitengenezewa tovuti ya duka, shule au ofisi, usiishie kuuliza kama inapendeza. Ifungue juani kwenye simu ya bei rahisi, halafu chapisha ukurasa mmoja. Hapo utajua kama ilitengenezwa kwa ajili ya wateja wako.