Siku ya Kumi Baada ya Kemo

Wariya, hebu tuongee kidogo.

Wiki iliyopita niliposti klipu fupi ya habo wangu, dada mdogo wa hooyo, ambaye ameanza kemo ya kansa ya matiti. Dua zilikuja nyingi, Alhamdulillah. Lakini komenti iliyopata laiki kushinda zote ilikuwa hii: "Mwambie aache hiyo sumu. Kansa haiui, kemo ndiyo inaua."

Nimekaa na hiyo komenti siku nne. Sitamtukana aliyeiandika, kwa sababu najua imetoka wapi. Hapa Lafey kila boma linamjua mtu aliyepanda basi kwenda kutibiwa akitembea kwa miguu yake, akarudi akiwa amebebwa. Watu wameona kwa macho. Utawabishia na nini?

Mimi nitabisha kidogo. Na kabla mniulize, hapana, mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda. Lakini nimekaa pembeni ya kitanda cha habo nikiuliza maswali mpaka madaktari wakaanza kunikwepa kwa korido.

Tuanze mahali mko sawa: kemo ni sumu. Si siri. Mwaka 1942, kule Yale, Marekani, madaktari walimdunga mgonjwa wa kansa kemikali iliyokuwa ndugu wa gesi ya haradali, ile silaha ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikuwa wameona gesi hiyo inafagia chembe nyeupe za damu, wakajiuliza: je, kansa inayotokana na chembe hizo hizo? Uvimbe ulipungua, kisha ukarudi. Mojawapo ya dawa anazopata habo, siklofosfamidi, imetoka kwa ukoo huo huo wa gesi.

Na msiniambie ni mambo ya wazungu peke yao. Kampala, hospitali ya Mulago, daktari Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 kuhusu watoto waliokuwa na uvimbe mkubwa kwenye taya. Miaka iliyofuata watoto wengine wakapewa siklofosfamidi, na uvimbe uliokuwa umeharibu uso mzima ukayeyuka. Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianzia kwa kazi hiyo, mwaka 1967. Sehemu ya ujuzi wa kutibu kansa kwa dawa imepitia hapa kwetu Afrika Mashariki.

Sasa, inafanyaje kazi? Seli ya kansa haina adabu, inajigawa bila kusikiliza mtu. Dawa za kemo nyingi zinavizia seli ikiwa katika kujigawa. Siklofosfamidi inashikanisha nyuzi za DNA kama kitambaa kilichomwagiwa gundi. Doksorubisini, ile nyekundu kama Vimto, inajipenyeza ndani ya DNA na kuzuia kimeng'enya kinachozifungua nyuzi hizo. Seli ikijaribu kujigawa, inakufa.

Shida ni kwamba dawa haiulizi kitambulisho. Kuna seli zako nzuri ambazo pia zinajigawa haraka: mizizi ya nywele, ngozi ya ndani ya mdomo na tumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele zinaanguka. Ndiyo maana mdomo unatoka vidonda na tumbo linachafuka. Zile za DNA yako zinazojirekebisha vizuri zinapona, za kansa zinashindwa zaidi, na kwa sababu hiyo unapewa wiki 3 za kupumzika kabla ya dozi nyingine.

Mtu mwingine aliuliza: uvimbe ukishapotea, mbona unaambiwa urudi tena? Hesabu hii ilinishtua. Uvimbe wa sentimita 1 una seli kama bilioni 1. Tuseme dozi moja inaua 99 katika kila 100. Manze, bado zimebaki milioni 10, na hakuna kidole kinachoweza kuzigusa. Ukiacha hapo kwa sababu "nimepona", umeziachia malisho.

Haya, madhara. Watu wanaongea sana kuhusu nywele, na mimi naelewa, habo alilia siku shungi lake lilipobaki mkononi. Lakini nywele huwa zinarudi. Kutapika siku hizi kuna dawa nzuri inayotolewa kabla ya dripu. Mkojo mwekundu siku moja au mbili baada ya doksorubisini ni rangi ya dawa tu (habo alidhani anakojoa damu, tukapiga simu saa nane usiku). Kuna mambo mazito zaidi: dawa hiyo hiyo inaweza kudhoofisha moyo, kwa hivyo madaktari wanahesabu jumla yake maisha yako yote. Na ikivuja nje ya mshipa inachoma nyama, kwa hivyo ukisikia mkono unawaka, usione aibu, piga kelele.

Lakini kinachoua haraka hakionekani kwenye kioo. Karibu siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya dozi, chembe nyeupe za damu zinashuka kabisa. Hizo ndizo askari wako. Boda imebaki wazi. Bakteria wa kawaida, hata wale wanaoishi tumboni mwako kwa amani, wanaweza kuingia kwenye damu na kukumaliza kwa saa chache. Na kwa sababu askari hawapo, hakuna usaha, hakuna uvimbe, mara nyingi hakuna dalili nyingine. Ni joto tu. Nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni dharura. Unahitaji antibayotiki ya mshipani ndani ya saa 1 baada ya kufika hospitali.

Sasa weka hiyo kalenda juu ya ramani. Habo alipata dozi ya kwanza Garissa, ambako kuna kituo cha kansa cha eneo letu. Alilala siku 2 kwa abti, akasema amechoka na mji, anataka watoto wake. Basi, Wajir, El Wak, vumbi, kizuizi, kushuka, kupanda. Zaidi ya kilomita 500. Siku ya 10 alikuwa nyumbani Lafey, anatetemeka chini ya blanketi na jua lote lile.

Unajua tulifanya nini? Tulimpa Panadol. Joto likashuka kidogo, tukafurahi. Halafu duka likatuuzia dawa ya malaria. Jirani akaleta maziwa ya ngamia mabichi, kwa nia safi kabisa. Wazee wakasema, mnaona sasa, dawa inamuua.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ndani ya mkoba wake tangu Garissa. Ilikuwa imeandikwa "homa 38, njoo hospitali mara moja", na namba ya simu chini yake. Mimi ndiye niliyembebea huo mkoba. Nina wafuasi wanaoniita mwalimu, na sikuifungua.

Tulipomfikisha hospitali jioni, nesi wa zamu aliuliza swali moja tu: kemo ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi? Akahesabu kwa vidole, akaacha kila kitu, akaweka dripu. Habo yuko hai kwa sababu ya mtu aliyejua kuhesabu mpaka kumi.

Kwa hivyo ndugu yangu wa komenti, naomba tubadilishe mazungumzo. Ukisikia jamaa ameanza kemo, usimtumie vidio ya majani. Muulize: siku ya 7 mpaka ya 14 utakuwa wapi? Nani ana gari usiku? Kipimajoto kiko? Kinauzwa mia chache tu kwa duka la dawa. Usimpe Panadol kabla ya kupima, itaficha joto. Maziwa yachemshe. Najua, mimi pia nayapenda mabichi, yale yenye harufu ya moshi, lakini wiki hizo subiri. Habasoda na miti shamba mwambie daktari, kwa sababu nyingine zinagongana na dawa.

Na viongozi wetu, hii ni yenu. SHA inasaidia kulipia dawa, sawa. Hakuna anayelipia zile siku 14 za kukaa mjini. Mtu asiye na abti Garissa atalala wapi? Nyumba ya wagonjwa wa mbali, vitanda ishirini na mpishi, haihitaji mashine ya mamilioni. Kila kampeni tunaahidiwa mashine. Mimi ningepiga kura kwa magodoro.

Ijumaa baada ya sala familia ilikaa kikao kuamua kama habo aendelee. Adeer alisema tuache, tumwachie Mungu. Niliitwa niongee, nikaanza na seli na DNA, nikaona macho yanafungwa. Habo akanikatiza. Akasema, "Nyinyi mnaogopa dawa. Mimi nilichoogopa ni ile njia, na nyinyi mkinitazama bila kujua la kufanya." Akasema ataendelea.

Dozi ya pili ni Jumanne. Atabaki kwa abti mpaka siku ya 14, na watoto watapelekwa huko, wamkere vizuri. Kipimajoto kiko ndani ya mkoba pamoja na tasbihi na ile karatasi. Betri nimeikagua mara mbili.